Mwalimu wa Manabii na Ukuta wa Kushoto

Mtu akikutembelea kwa mara ya kwanza hukuangalia usoni, kisha hutafuta kiti. Mwalimu aliangalia kwanza pembe za nyumba. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, macho yakipanda taratibu kutoka sakafuni hadi kwenye mabati, yakarudi chini, ndipo akakusalimia. Pembe ikiwa imepinda, alikusalimia kwa huruma. Maman wangu alisema mtu huyu hajawahi kutembelea watu, anatembelea kuta.

Alikuwa mwashi siku tano kwa wiki. Jumamosi saa tisa alasiri alikuwa mwalimu wa manabii katika kanisa letu, kwenye barabara inayotoka Kamembe, mji wetu wa mpakani, kwenda Mururu. Hakuna aliyemwita kwa jina. Wachungaji, wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, hata mzee mmoja Mwislamu wa Kamembe aliyechanganya naye udongo kwa miaka mingi, wote walimwita Mwalimu. Alikuwa mwana wa nani na alizaliwa kilima gani, sitasema. Mwenyewe hakupenda kuulizwa, na mahali petu swali hilo limeshafanya uharibifu wa kutosha.

Hakufundisha kitu kingine zaidi ya manabii. Injili aliwaachia wenye sauti laini. Yeye alikuwa na wale wazee wakali wa Israeli wanaosimama sokoni na mlangoni pa mfalme, wakitangaza kwamba mji utaanguka. Mji unaanguka kweli. Halafu watu wakiwa wamekaa juu ya kifusi, wamechoka hata kulia, wazee walewale wanakuja kuwaambia kwamba utajengwa tena na mizabibu itapandwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoingia darasani humo, na nilidhani naenda kupumzika baada ya kwaya. Sikupumzika hata mara moja.

Juu ya vichwa vyetu, kwenye boriti, ilining'inia timazi yake: kamba, na mwishoni kipande cha chuma chenye ncha. Ndiyo waashi wanayotumia kujua kama ukuta umesimama wima. Alituambia kuna nabii mmoja, mtu wa mifugo, aliyeonyeshwa kitu hichohicho katikati ya watu wake, akaelewa kwamba sasa wanapimwa. "Ile kamba haina rafiki," Mwalimu alisema. "Haijui kama weye ni pasteri ao ni muuza mukaa. Inaanguka tu."

Sheria ya darasa ilikuwa moja. Hakuna kusoma ahadi kabla ya kusoma mashtaka. Watu walimjia wakitaka maneno matamu ya kuandika kwenye kadi za harusi au kuchora juu ya mlango: moyo mpya, mifupa inayosimama, jangwa linalochanua. Mwalimu aliwapa, ila walipaswa kwanza kusoma kwa sauti kurasa zilizotangulia, zile za hasira. Bibi harusi mmoja, binti wa mfanyabiashara mkubwa, alikuja na mchumba wake kutafuta mstari wa kadi. Mwalimu akawapa sura inayowahusu watu waliowanyang'anya maskini mashamba na kujijengea majumba juu yake. Walisoma kwa zamu. Walipofika katikati, mchumba alikuwa anatoka jasho, maana kila mtu alijua kiwanja cha baba mkwe kilipatikanaje. Kadi zilichapishwa bila mstari wowote. Wali wa harusi ulikuwa mwingi, lakini Mwalimu hakualikwa.

Baada ya kila kusoma aliuliza swali lilelile, kidole kikiwa kwenye ukurasa: "Hapa Mungu iko nakasirikia nani?" Ukijibu "wenye dhambi" alikufukuza ukasimame nje hadi upate jibu la kweli. Alitaka uonyeshe mtu kwa kazi yake. Hakimu anayekula rushwa. Mchungaji anayenenepa kwa kula kondoo wake. Muuzaji aliyepunguza kipimo. Nabii aliyeambiwa aseme mambo ni mabaya, akasema ni mazuri kwa sababu ya chakula. Na kisha alitaka umtaje asiyekasirikiwa, kwa sababu, alisema, wahubiri wengi wanamjua Mungu anayepiga lakini hawaangalii ngumi inaelekea wapi.

Msidhani alikuwa malaika. Aliwakemea vijana wa kwaya kwa kutikisa viuno, halafu jioni anafunga madirisha nyumbani kwake na kusikiliza muziki wa Kilingala kwa sauti ndogo, tukamsikia akiimba viitikio vyote bila kukosea. Alitufundisha kukaa macho, mwenyewe akasinzia kila mahubiri yalipozidi nusu saa. Nyumba yake, yeye mwashi wa kusifika, ilikuwa na mlango uliokwaruza sakafu, na kila mgeni alilazimika kuuinua kidogo ili ufunguke. Tulipomcheka alijibu kwamba mlango huo unamkumbusha asijivune. Mzee yule Mwislamu alikuwa na maelezo mengine. "Muvivu," alisema. "Hakuna kingine, ni muvivu wa kwake."

Na kulikuwa na ukuta wa kushoto.

Kanisa letu lilikuwa dogo, tukaamua kulipanua. Mwalimu ndiye aliyesimamia matofali. Kwa desturi ya ujenzi, ukuta mrefu unafungwa juu kwa mshipi wa zege wenye vyuma ndani, ili ukitikiswa usifunguke. Vyuma vilinunuliwa. Kisha kamati ya ujenzi ikapenda mnara, mnara ambao watu wangeuona tangu barabarani, na vyuma vya mshipi vikaenda mnarani. Mwalimu alipinga mara moja. Alipinga tena, kwa sauti ya chini zaidi. Sikukuu ya ufunguzi ilikuwa inakaribia, kwaya tatu zilikuwa zinavuka kutoka Bukavu, mapazia yalikuwa yameshonwa. Ukuta wa kushoto ulikuwa tayari umeinama kidogo kuelekea ndani. Mwalimu akachukua mwiko, akapaka plasta ndani, nyembamba juu nene chini, hadi jicho likadanganyika, kisha akapaka chokaa. Ulipendeza. Nilikuwepo, nilipiga makofi kama wengine.

Jambo hili yeye mwenyewe aliwahi kulifundisha. Kuna nabii mmoja aliyekuwa uhamishoni ambaye aliwasema vibaya sana watu wanaojenga ukuta dhaifu na wenzao wanaoupaka chokaa. Mwalimu alilifundisha somo hilo kabla ya ukuta ule. Baada ya ukuta alikuwa akiliruka. Sisi wanafunzi hatukugundua.

Tetemeko lilikuja Jumapili asubuhi, ibada ikiendelea. Nilikuwa upande wa kulia na kwaya. Mdogo wangu, wa miaka minane, alikuwa upande wa kushoto, mbele kabisa kwenye pembe, na watoto wenzake. Maman hakuwepo. Alikuwa akifanya biashara ya vitenge kati yetu na Bukavu. Jumamosi mpaka ulifungwa akiwa bado ng'ambo, akalala huko, na asubuhi ile alikuwa anavuka daraja la Rusizi na mzigo kichwani. Alikuwa amemtumia mdogo wangu salamu kwa jirani: nenda kanisani, utanikuta nyumbani. Ardhi iliguna, taa zikacheza, na ukuta wa kushoto ukaingia ndani wote kwa mkupuo. Mnara ulibaki umesimama. Watu watatu walikufa. Mmoja alikuwa mdogo wangu.

Sitaeleza mazishi. Nitaeleza Jumapili iliyofuata, kwa sababu bado nina hasira nayo na sitaki inipoe.

Tulisali nje, chini ya mahema. Alikuja mhubiri mgeni, mtu mwenye suti nzuri na Kiswahili kizuri zaidi. Akafungua manabii. Akasema Mungu ameitikisa nchi kwa sababu ya dhambi zetu, na hasa dhambi ya akina mama wanaoikanyaga siku ya Bwana wakifuata biashara ng'ambo ya daraja huku watoto wao wamewaacha. Hakuwa na haja ya kutaja jina. Vichwa viligeuka kama vimevutwa na uzi mmoja. Maman alikuwa kwenye benchi la tatu, amejifunga kitenge cha msiba. Tangu Jumapili ile alikuwa hajala kitu zaidi ya maji ya uji. Niliona akiinamisha kichwa polepole na nikaelewa kwamba anakubali. Nikaelewa pia kwamba akikubali, nitamzika na yeye.

Mwalimu akasimama nyuma. Timazi ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameifukua kwenye kifusi.

"Pasteri, nisamehe. Soma na ile mustari ya mbele."

"Ikala chini, Mzee," mwenyekiti wa kamati akasema.

"Sitaikala. Ile fasi pasteri alifungua, Mungu iko nakasirikia nani?" Alisubiri kama darasani. "Basi nitasema miye. Iko nakasirikia bale banajenga ukuta mubovu, na bale banaupaka chokaa. Haisemi kintu juu ya maman mwenye kubeba bitenge. Haisemi kintu juu ya batoto."

Mhubiri alitabasamu, akasema huu ni wakati wa toba, si wa mabishano.

"Ni ile toba niko naleta," Mwalimu akasema. "Ule ukuta wa kushoto ni mikono yangu. Nilijua hauna mushipi. Byuma byake biko kule juu kwa munara, na kamati inajua. Nilijua umelala bidole bibili. Nikaupaka, sababu ya haya na sababu ya sikukuu. Kama munatafuta muntu wa hukumu, niko hapa. Muache huyu maman."

Maman aliinuka. Hakumwangalia Mwalimu. Alitoka nje ya hema, akapanda kilima hadi nyumbani, mimi nyuma yake. Alikaa jikoni muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua ni miye nilimuua. Sasa huyu anasema ni yeye. Nimuchukie nani?" Nikamjibu amchukie yeye, Mwalimu, kama amejitolea. Akavuta sahani ya ugali, akala. Alikula akilia, kamasi na machozi vikichanganyika, nami nikamshukuru Mungu kwa kila tonge.

Kamati ilimtaka afute maneno yake. Walimwambia analichafua kanisa, kwamba tetemeko ni tetemeko tu, hata nyumba nzuri zilianguka, jambo ambalo ni kweli. Alijibu kwamba nyumba nzuri zina wenyewe wa kuulizwa. Yeye anaulizwa ukuta mmoja. Akaenda mwenyewe kwa wakubwa wa wilaya akaeleza yote, na vyuma vilikokwenda pia. Alihojiwa siku nyingi. Aliporudi alikuwa amekonda, na baadhi ya watu hawakumpa tena mkono. Darasa wakamnyang'anya. Jumamosi iliyofuata tulimkuta amepanga mabenchi uani kwake, mbele ya ule mlango unaokwaruza, na timazi imefungwa kwenye tawi la mparachichi. Somo la siku hiyo lilikuwa la ukuta uliopakwa chokaa. Alilisoma lote, hakuruka neno.

Nilimuuliza siku moja kama hajachoka na hukumu. Alinyoosha vidole vyake vilivyopasuka kwa saruji. Akasema watu wa Yerusalemu walirudi kutoka Babeli kwa sababu kuna mtu aliyewaambia ukweli kabla hawajaenda. Waliodanganywa kwamba mambo ni mazuri hawakujua hata warudi kwenye nini. "Kujenga tena, ni lazima ujue fasi gani iliharibika," akasema. "Kama haujue, utajenga ile ile."

Ukuta ulipojengwa upya waashi wa kanisa walimwita, kwa sababu hakukuwa na mwashi kama yeye, na kwa sababu familia mbili za waliokufa zilisema asijenge mwingine ila yeye. Maman hakusema chochote. Mshipi uliwekwa, tuliuona wote ukimwagwa. Lakini Mwalimu alikataa plasta. Alisema ukuta utabaki matofali matupu mpaka kila familia iliyopoteza mtu ije na timazi, ipime mahali mtu wake alipokuwa amekaa, na iseme yenyewe kwamba umenyooka. Kamati mpya ilikubali, ikidhani ni jambo la wiki mbili. Familia ya kwanza ilikuja, ikapima, ikakubali. Ya pili vilevile. Ikabaki pembe ya mbele kushoto, pembe ya mdogo wangu. Maman hakuja.

Hakuja mwaka huo, wala uliofuata. Alirudi kwenye vitenge vyake, alirudi kusali, lakini alikaa upande wa kulia na kumpita Mwalimu kama anavyopita nguzo ya umeme. Yeye alimwamkia kila Jumapili, "Maman, amani," na kila Jumapili salamu ikaanguka chini. Hakumwomba aje kupima. Watu walimlaumu Maman kwa sababu ya ubaya wa ukuta, tofali nyekundu upande mmoja na chokaa nyeupe pande zote nyingine. Nilitaka kuwapiga. Mtu ana haki ya kukaa na msiba wake bila kuulizwa utaisha lini.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikafungua duka la vitenge karibu na uwanja wa ndege wa Kamembe. Macho ya Mwalimu yakafunikwa kabisa na utando mweupe, akaacha kazi, ingawa darasa hakuacha. Sasa sisi tulisoma, yeye aliuliza swali lake.

Siku moja mwenyekiti wa kamati mpya akanipigia simu dukani. Wageni wakubwa wa kanisa walikuwa wanakuja Jumapili, plasta imeshachanganywa, na Mzee amechukua kiti, amekiegemeza kwenye pembe ya kushoto na hataki kuondoka. Nije nimwondoe kwa upole. Nilipita nyumbani kumwambia Maman kwamba nitachelewa. Alikuwa anachambua maharage. Aliuliza Mwalimu amekaa upande gani hasa, nikamwambia. Akaweka ungo chini.

"Ngoja nivae biatu," akasema.

Tulimkuta ameketi wima kama mlinzi wa benki, kofia magotini, waashi wawili wakimzunguka na mabeseni yao. Alinitambua kwa hatua. Maman alibaki nyuma yangu bila kusema, na hakuna aliyemwambia Mwalimu kwamba yupo.

"Banataka kupaka," aliniambia. "Hii pembe haiyapimwa. Nilijenga mwenyewe, macho ikiwa inaanza kuharibika. Pima weye, umekuwa mwanafunzi yangu."

Nilipanda ngazi, nikashikilia kamba juu ya dirisha, karibu na mshipi, nikaacha chuma kishuke. Kilizunguka, kikatulia. Nikaangalia. Kutoka juu ya dirisha hadi kwenye mshipi ukuta ulikuwa umeingia ndani. Nilipima tena. Kidole kimoja. Mwashi aliyekuwa chini yangu aliona nilichoona, akanong'ona kwamba na mshipi ule kidole kimoja hakiangushi kitu. Alikuwa sahihi.

"Iko ginsi gani?" Mwalimu akauliza.

Nilimtazama. Shingo imekuwa nyembamba, shati limefungwa kifungo hadi kooni, uso umeinuliwa kunielekea, ingawa hanioni. Nilimpenda mzee huyu. Nilikuwa na neno tayari mdomoni, na neno hilo lilikuwa "sawa". Nilijua manabii wa uongo wanaanzaje, nilikuwa nimefundishwa miaka yote hiyo na yeye, na bado nilikuwa nafungua mdomo niliseme.

"Imelala kidole kimoja, Mwalimu," Maman akasema. "Huku juu. Kwa pembe ya mutoto wangu."

Mwalimu aligeukia sauti. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo ikimwambia neno tangu kabla ya tetemeko. Kofia ikamwanguka, na Maman akaiokota, akaipangusa, akamrudishia magotini.

"Maman. Uko naona muzuri?"

"Niko naona."

"Aksanti," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi na hakuyafuta. "Aksanti sana, Maman. Basi tubomoe."

Mwenyekiti akaingilia. Alisema Mzee, Jumapili ni keshokutwa, wageni wataona nini.

"Bataona tundu," Mwalimu akamjibu. "Muwaikalishe karibu."

Waashi walitazamana, kisha wakaweka beseni chini na kuleta miti ya kuegemeza mshipi. Mmoja wao akataka kupanda. Maman akamzuia kwa mkono. Akachukua nyundo kwake, akaiweka katika kiganja cha Mwalimu, akamfunga vidole juu ya mpini kimoja kimoja. Akamshika kiwiko hadi kwenye ngazi. Nilikuwa nimeshuka. Mzee akatafuta daraja la kwanza kwa mguu, akalipata, akasita.

Maman alikaza kitenge chake kiunoni na kuikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili.

"Panda," akasema. "Nimeishika."